Kikapu Tupu Mlangoni

Kolwezi, tarehe 3 mwezi wa pili 1986

Dada Mariamu,

Yambo kwako na kwa Mama Nuru. Huku tuko bazima, mashine tu njo inatutesa.

Kwanza, kazi yenye ulinituma nimefanya. Ile barua yenye uliandika kwa jina ya Abibu nimeitia tembre, nikaipeleka posta siku ya ine ya juma yenye imepita. Mama ataona muhuri ya Kolwezi sawa siku zote. Lakini uniruhusu niseme: huyu kaka yako ni muvivu wa kupita kipimo! Mutu anaendesha kamiyo mpaka Zambia, anashindwa kushika kalamu amuandikie mama yake, mpaka dada yake amuandikie? Hii ni barua ya nane mi naituma. Siku nitakutana naye nitamuvuta sikio.

Sasa shida yangu. Unakumbuka diski yetu. Imejaa mpaka juu. Zamani programu ya kwanza ilikuwa inasoma uzito ya makamiyo ya mugodi ya Mutoshi, inaiandika yote mu diski, kisha programu ya pili inaifungua, inaipanga, inachapa ripoti. Leo nafasi hakuna. Shefu akasema tutumie bomba, ginsi ulikuwa unatufundisha mbele ya kuacha kazi: programu moja inamwanga huku, ingine inakinga kule, bila kuweka kitu mu diski. Nikaandika. Programu mama inatengeneza bomba, kisha inazaa batoto babili, moja wa kuandika mu bomba, moja wa kusoma. Wa kuandika anafanya kazi yake muzuri, anamaliza, anaenda. Wa kusoma anasoma byote, kisha ananyamaza. Hapangi, hachapi, hatoki. Anangoja tu! Nimekaa mu ile baridi ya sale, chumba ya mashine, na koti ya sufu, namuangalia, ananiangalia. Nimemusimamisha mara kumi na moja, nikimuanzisha tena anafanya bile bile. Na mashine haisemi kosa hata moja.

Nielezeko, dada. Shefu anataka ile ripoti mbele mwezi iishe, na mi nilimuapia kama najua.

Na Mama eko namna gani? Ule uvimbe wa tumbo, munganga alisema nini?

Ni mi Nkulu, kichwa ya mawe

* * *

Lubudi, tarehe 13 mwezi wa pili 1986

Ndugu Nkulu,

Kichwa chako si cha mawe, ila hukai mpaka mwisho wa somo. Siku niliyofundisha mabomba wewe ulitoka katikati kwenda kununua mikate ya mafuta. Usikatae, ulirudi mdomo unang'aa.

Sikiliza sasa. Kwetu siku ya karamu mwanamke mmoja anakaa katikati ya ua kuchambua mchele, na wenzake wanamletea kwa vikapu. Haweki chungu motoni mpaka mchele wote ufike, maana chungu ni kimoja. Atajuaje kwamba umefika wote? Si kwa kuona ungo uko tupu. Labda mwenzake yuko njiani. Anajua pale tu kila mwenye kikapu anapokuja kukipindua chini mbele yake, maana yake mimi nimemaliza. Sasa akisimama mtu mmoja mlangoni na kikapu mkononi, hata kama ni kitupu, hata kama hana nia ya kuleta punje moja, yule mama ataendelea kukaa. Wala hana kosa. Yeye ameona kikapu, basi anangoja.

Programu yako ya kusoma ndiyo huyo mama. Hawezi kupanga mpaka apate yote. Na bomba lina pande mbili, upande wa kuandikia na upande wa kusomea. Programu mama ilipolitengeneza ilishika pande zote mbili, na watoto waliozaliwa baadaye wakarithi zote mbili, kila mmoja. Mtoto wa kuandika amemaliza na upande wake umefungwa. Lakini mama yao bado ameushika upande wa kuandikia, na hana cha kuandika! Mwambie aufunge. Usipofunga, msomaji atangoja mpaka Kiyama.

Habari ya Mama si nzuri. Munganga wa zahanati ya hapa amesema uvimbe umekua, lazima apasuliwe, na hapa hawawezi. Daktari wa kupasua yuko hospitali ya huko Kolwezi, na mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi wa tano, anarudi kwao. Baada yake hakuna anayejua atakuja nani, au lini. Nimemsihi Mama mpaka nimechoka. Jibu lake ni moja: "Mwanangu ameandika anakuja mvua ikiisha. Akute mlango umefungwa?" Treni ikipiga filimbi anajifunga kitenge, anakwenda stesheni, na tumbo lile. Anajua kusoma Kurani, lakini herufi za Kizungu hazijui. Hata hivyo muhuri wa Kolwezi ameuzoea. Anaupapasa kwa kidole kwanza, ndipo ananipa barua nimsomee.

Nitakutumia ya tisa siku hizi. Na usiniulize mengi juu ya Abibu, Nkulu. Kila mtu na mkono wake.

Wako,
Mariamu Masudi

* * *

Kolwezi, tarehe 25 mwezi wa pili 1986

Dada Mariamu,

Nilifunga upande ya programu mama. Nikaanzisha. Akangoja tena! Nilitaka kupiga ile mashine teke, Mungu anisamehe. Nikarudilia barua yako mara ya ine, nikafika pale uliandika "kila mmoja". Aksha! Kumbe musomaji naye alirizi kikapu. Anangoja mwenye kikapu amalize, na mwenye kikapu njo yeye! Nikamufungisha naye. Mbele nimalize chai yangu, makaratasi ikaanza kutoka: Mutoshi yote, kamiyo kwa kamiyo, imepangwa. Shefu akapiga mikono. Nikamuambia ni Mariamu wa Lubudi njo ametengeneza, akasema mashine inakukosa. Si mashine tu, lakini hiyo tuiache kwa siku ingine.

Sasa juu ya Mama, nimewaza, na naona ni jambo rahisi. Kama anakataa kutoka nyumba juu ya kungoja Abibu, basi Abibu aende amuchukue! Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 mwezi wa tatu, kazi inanituma Fungurume kuleta mabuku ya mizani. Makamiyo ya Zambia inalalaka pale, na Kalombo, ule rafiki yake wa safari, anakunywaka chai pale kila siku. Nitamuuliza Abibu eko njia gani. Nitamukamata, nitamuambia: kaka, mama yako anakufa juu yako, panda treni leo. Hata kama ni muvivu, mwezi wa tano haitapita Mama hajapasuliwa.

Usishukuru. Umenipa bomba, nakupa kaka.

Nkulu

* * *

Lubudi, tarehe 1 mwezi wa tatu 1986

Ndugu Nkulu,

Barua yako imefika leo. Usiende Fungurume. Na kama kazi inakulazimisha, chukua vitabu urudi, usimuulize Kalombo neno lolote. Nakuomba kwa jina la Mungu.

Ya tisa iko ndani ya bahasha hii. Itume upesi, na usiisome.

Mariamu

* * *

Kolwezi, tarehe 7 mwezi wa tatu 1986

Mariamu,

Barua yako ilinikuta nimerudi.

Nilimukuta Kalombo na benzake, banacheka. Nikaingia na mudomo yangu: "Abibu eko wapi, nimuvute sikio?" Kalombo akaweka kikombe chini. Akaniuliza: "Weye haukuambiwa?" Akanitoa inje, akanieleza. Kamiyo ilipinduka ngambo ya Zambia, mwezi wa kumi na moja 1984. Balimuzika Kitwe. Kalombo mwenyewe aliingia mu kaburi kumupokea. Kisha alikuja Lubudi, akakuambia weye, akakupatia koti ya Abibu. Weye peke yako.

Mwaka moja na miezi mine, Mariamu! Barua nane! Mi njo nililamba ile matembre. Nilikuwa nachekelea mutu mwenye kufa, na weye unanisoma, unaniacha. Nimekasirika, siwezi kukuficha. Kisha nakuonea huruma, kisha nakasirika tena.

Kumbuka barua yako ya tarehe 13. Mi naisoma kila siku tangu nirudi. Mama Nuru njo anakaa mu lupango na ungo yake, na sisi babili tunasimama ku mulango. Hatuna hata punje moja ya kumuletea, lakini anaona kikapu, anangoja. Tumbo inamuua, anangoja. Ulieleza muzuri kupita mwalimu yeyote, na ulikuwa unajua.

Barua ya tisa sijaituma. Iko mu meza yangu. Sikuisoma.

Nkulu

* * *

Lubudi, tarehe 16 mwezi wa tatu 1986

Ndugu Nkulu,

Una haki ya kunikasirikia. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Kalombo alifika siku ya thelathini na saba tangu tumzike baba. Mama alikuwa kitandani, hali chakula, na munganga alikuwa amesema moyo wake umechoka, tusimpe neno zito. Nikasema nitamwambia akipona. Akapona. Siku ya kwanza alipokaa uani, swali lake la kwanza lilikuwa: "Abibu hajaleta habari?" Nilimtazama usoni nikasema: "Ameleta." Nilisema neno hilo moja tu, Nkulu. Halafu akataka kuiona barua.

Nimemlia kaka yangu chooni, na kitenge mdomoni, maana nyumba yetu ina vyumba viwili na Mama ana masikio. Hitima sijamsomea. Koti lake liko chini ya gunia la mahindi. Na nikuambie lililo baya zaidi: nilianza kupenda kumwandika. Abibu wa kwenye barua alikuwa anauliza habari za kuku, anauliza mgongo wa Mama. Nilikuwa namsomea Mama huku namwona anatabasamu, na mimi mwenyewe nasahau.

Sasa nakuambia kilichomo katika ya tisa. Inasema: "Mama, njia ya Lubudi ni mbaya, sitafika huko. Nenda Kolwezi upasuliwe, nitakukuta hospitalini." Umeona? Akisikia hivyo atapanda treni siku ile ile. Uongo mmoja, wa mwisho, na Mama anapona. Lakini nikimwambia kweli leo, anaweza kugeukia ukuta asiende popote. Nimewaona wanawake waliogeukia ukuta, nawe umewaona. Nimezika baba, nimekosa kumzika kaka. Mama simpi mtu.

Itume, Nkulu. Akishapasuliwa nitamwambia yote mimi mwenyewe.

Mariamu

* * *

Kolwezi, tarehe 31 mwezi wa tatu 1986

Dada Mariamu,

Jana ilikuwa Pasaka. Nilikuombea, hata kama weye si wa misa.

Mbele ya hapo nilienda posta mara mbili na ile barua. Mara ya pili nilifika mpaka ku dirisha. Mama wa posta akanyoosha mukono, na mi nikasimama sawa muti. Akaniuliza: "Citoyen, unatuma ao hautume?" Nikaomba samahani, nikatoka. Batu bakacheka.

Nimewaza ivi. Mama atafika, bamulaze ku kitanda, na macho yake ku mulango. Munganga atasema saa imefika, Mama atasema: mungoje, mutoto wangu anakuja. Atakataa dawa ya usingizi mpaka Abibu aingie. Ao atakubali, na akifumbua macho atauliza kwanza nini? Na weye, na kile kidonda kibichi, njo utamuambia? Utaandika ya kumi, Mariamu. Mi najua, na weye unajua.

Sitaituma. Sisemi juu mi ni mutu muzuri; nane nilituma, na kwa kucheka. Lakini kikapu yenye ilikuwa mu mukono yangu, nimeipindua. Yako iko kwako.

Kama unashindwa, andika neno moja tu. Nitapanda treni, nibadilishe ingine ku Tenke, nifike niseme mi mwenyewe mbele yake. Akitaka kuning'oa nywele, ni haki yake. Na nimeenda kuona ule munganga wa kupasua. Anamuwekea Mama nafasi, mwisho tarehe 20 ya mwezi wa tano. Kisha hapo anafunga masanduku yake.

Naogopa sawa weye. Mutu asikudanganye kama haiko hatari.

Nkulu

* * *

Kolwezi, tarehe 26 mwezi wa ine 1986

Mariamu,

Karibu mwezi muzima hakuna barua. Mvula imekwisha huku, vumbi ya bulongo inaanza kuruka mu njia. Kila siku nikitoka kazi napita kuangalia kisanduku ya posta. Sijui kama umekasirika, ao unakawia tu, ao kuko lufu, mutu amekufa na mi sijaambiwa. Sasa najua kungoja ni nini.

Kama umenikasirikia, andika "nimekasirika", itanitosha. Nafasi ya Mama ingali inamungoja.

Nkulu

* * *

Lubudi, tarehe 5 mwezi wa tano 1986

Kwa Nkulu wa Kolwezi,

Mwenye kuandika ni Valérie, mwalimu wa shule ya misioni, jirani yetu. Mwenye kusema ni mi, Nuru, mama yake Mariamu. Nimemwambia aandike vile ninasema, asipambe.

Mariamu aliniambia siku ya Ijumaa, kisha sala ya adhuhuri. Alileta barua zote nane, akazipindua moja moja juu ya mukeka mbele yangu, akasema: "Mama, hizi ni mimi." Sikuelewa. Akasema tena. Akaenda akatoa koti chini ya gunia. Nikamupiga kofi. Tangu ajue kutembea sikuwa nimemupiga. Kisha nikapiga yowe mpaka lupango ikajaa batu, na tukamulia mutoto wangu siku tatu, sawa amekufa jana. Kwangu alikuwa amekufa jana. Kalombo alikuja kutoka Fungurume, akanieleza ginsi alimulaza upande wa kuume, uso kwa kibla. Hiyo nilikuwa nataka kuijua, na hakuna barua ilikuwa imeniambia. Sheikh akasema tusome hitima mbele Ramadhani iingie. Tumesoma. Koti nimemupa Kalombo, maana alishuka mu kaburi juu ya mwanangu.

Kisha hapo sikumuongelesha Mariamu wiki mbili. Anapika, nakula, neno hakuna. Kalamu nilimukatazia, njo maana haukupata barua. Ile yako ya mwisho Valérie amenisomea. Unasema sasa unajua kungoja. Haujui kitu, mwanangu. Ngoja mwaka moja na miezi sita, kisha uniandikie.

Nilitaka kugeukia ukuta, sikufichi. Lakini siku moja asubui treni ilipiga filimbi, miguu ikataka kusimama, nikaiambia: unakwenda kumupokea nani? Nikabaki nimekaa. Njo nikasikia tumbo yangu inauma, inauma sana, mpaka nikamuita Mariamu kwa jina lake. Kumbe ilikuwa inauma siku zote, na mi masikio yalikuwa stesheni.

Tunakuja na treni ya tarehe 14, mi na Mariamu. Mwambie ule munganga asifunge masanduku. Uwe stesheni. Nina kofi yako pia, nimeiweka. Nikishakupiga utanibebea muzigo, na utakula kwetu sawa mutoto wa nyumba.

Jambo moja tena. Mariamu anasema barua ya tisa iko kwako. Usiichome. Niletee.

Zile nane Valérie amenisomea upya, polepole, siku mbili. Abibu wangu alikuwa na moyo muzuri na ulimi mufupi. Tangu azaliwe hakuniuliza mgongo wangu, wala kuku kama wanataga, wala kama nimekula. Mwenye kuniuliza hayo alikuwa amekaa mbele yangu, karatasi mkononi, na mi nilikuwa naangalia mulango. Huyo njo mutoto nimebaki naye. Nataka kila kitu aliniandikia.

Nuru, mujane wa Masudi
(jina ameandika mwenyewe, kwa herufi za Kurani)